Lojze wa Kisa cha Tisa

Jumatatu asubuhi baba mkwe wangu, Ludvik, alipanda msituni kuangalia nyuki wake akakuta mizinga minane. Alikuwa ameacha kumi na minne.

Alinipigia simu kazini. Hakusalimu.

"Sita haipo."

"Dubu?"

"Dubu gani anayezima umeme wa uzio, anabeba mizinga, kisha anauwasha tena? Huyo dubu amesoma kunizidi."

Kijijini kwetu Sodražica dubu ndiye anayeshtakiwa kwanza kwa kila kitu, na mara nyingi kwa haki. Lakini dubu huacha mbao zilizovunjika na masega yaliyotapakaa. Hapa palibaki majani yaliyolala, mistatili sita yenye rangi ya njano.

Laiti ingekuwa mizinga mingine. Mama mkwe wangu, Ana, alikuwa akilea malkia, na watu walitoka mpaka Austria kuwafuata kwa sababu nyuki wake walikuwa wapole na walistahimili baridi. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Ukoo wa malkia wake ulibaki kwenye mizinga ile sita tu, kila malkia akiwa na nukta ya buluu mgongoni. Minane mingine Ludvik aliinunua hapa na pale. Mwizi wa nyuki hakai na malkia wa watu. Huwaua, anaweka wake, au anaigawa mizinga na kuiuza mbali. Ikipita wiki mbili tatu, ukoo wa Ana umekwisha.

"Nikiwakosa wale, na hawa nauza," Ludvik alisema jioni ile jikoni kwangu. "Sifugi nyuki wa watu."

Polisi alikuwa amemuuliza swali moja la maana: nani alijua mizinga iko wapi? Ludvik alijibu kwamba ni yeye na mkwe wake. Sasa alikuwa ameketi mbele yangu, kahawa haigusi, ananitazama.

"Baba, unaniangalia hivyo kwa nini?"

"Wewe si ndiye unayeandika mambo kwenye mtandao?"

Nilikuwa ninaandika, ndiyo. Kuna programu inaitwa Panjko, ya kuwasaidia wafugaji nyuki kuweka kumbukumbu: uzito wa mzinga, umri wa malkia, dawa, mahali mizinga ilipohamishiwa. Ni programu huria. Yeyote anaichukua bure, yeyote anaweza kuifungua ndani akairekebisha, na kila kinachoandikwa juu yake kinasomwa na dunia nzima. Tunaoitengeneza hatulipwi. Nilipoingia, maelekezo yake yalikuwa orodha ya vitufe tu. Bonyeza hapa, bonyeza pale, kurasa sitini. Hakuna aliyesoma. Wafugaji walikuwa wakituandikia kuuliza mambo yaliyokuwa ukurasa wa pili.

Nikasema basi, tuache vitufe. Mtu hasomi habari za kitufe. Anasoma habari za mtu mwenye shida kama yake. Nikaanza kuandika visa. Kila uwezo wa programu niliupa mtu, shida, na hatua za kuitatua, na sharti langu lilikuwa moja: kila hatua ifanywe kwanza kwa mikono, ndipo iandikwe. Visa vikapendwa. Cha tisa kilikuwa hiki:

"Mzee Lojze amepeleka mizinga kumi na minne kwenye misonobari. Anataka daktari wa mifugo aione kwenye ramani, lakini watu wengine wasiione. Afanye nini?"

Zikafuata hatua sita, kila moja na picha ya skrini. Lojze hayupo duniani, nilimbuni mimi. Picha nilizitoa kwenye kumbukumbu za Ludvik, kwa ruhusa yake, maana nyuki wa kubuni uzito wao haupandi na kushuka kama wa kweli, na mfugaji akiona takwimu za uongo anafunga ukurasa. Jina nililibadilisha. Ramani nikaisahau.

Ilikaa wazi siku nne. Kisa cha kufundisha watu kuficha mizinga, na mimi nimeianika mizinga yenyewe, pamoja na kijito, kanisa dogo na njia ya kupandia. Siku ya tano niliipaka ramani rangi nyeusi. Lakini kwenye kazi zetu hakuna kinachofutika. Kila toleo la zamani hubaki, na tarehe, na jina la aliyeliandika. Anayejua pa kutazama anatazama.

Na kuna mtu mmoja tu aliyekuwa ameuliza. Niliyafungua mazungumzo yaliyo chini ya kisa cha tisa, Ludvik akasogeza kiti asome begani kwangu. Aliyeandika aliitwa Gorazd.

"Mahali hapa ni pa kweli?" aliuliza Gorazd.

Mimi: "Pa kweli. Ndiyo maana kisa kinasomeka."

"Gari linafika mpaka kwenye mizinga?"

"Hata lori."

"Mzinga mmoja unabebwa na watu wangapi?"

"Wawili. Au mmoja mwenye mgongo mzuri."

"Asante. Basi ipake rangi hiyo ramani, watu wabaya wasije wakaiona."

Ludvik alivua miwani. "Umemwambia mpaka lori."

"Nimeona, baba."

"Umemwambia mpaka mgongo."

"Baba, nimeona!"

Wakati ule nilidhani ananitakia mema. Sasa niliyasoma maneno yale yale nikamwona mtu aliyekwisha kuona anachokitaka, na hataki mwingine akione.

Nilipoanza kumfikiria, kila kitu chake kilinuka. Alikuwa nasi mwaka mzima na hakuna aliyewahi kuiona sura yake. Kwenye mikutano yetu alizima kamera, mahali pa uso pakakaa picha ya buti. Hakuna aliyejua anaishi wapi. Wiki nzima alikuwa kimya, halafu kila Jumamosi jioni zinamwagika taarifa za kasoro, tatu, nne, zote kuhusu kuhamisha mizinga: njia, uzito, malango, nani anabeba. Nilikuwa nimemchoka hata kabla. Jumapili ile, siku moja kabla Ludvik hajapanda msituni, tulikuwa tunatoa toleo jipya, na siku ya kutoa toleo sisi husafisha meza. Taarifa zisizo za haraka zinafungwa ili orodha ionekane safi. Za Gorazd zilikuwa saba. Nilizifunga zote kwa mpigo mmoja, supu ya nyama ikiwa jikoni, bila kufungua hata moja.

Polisi, nilipompelekea mazungumzo yale, aliyasoma mara mbili.

"Mama, kuuliza barabara si kosa. Mimi mwenyewe nauliza barabara kila siku."

"Na kuuliza mizinga inabebwa na watu wangapi?"

"Hilo pia si kosa. Ni swali la ajabu tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo akirudi kuiba, nipigie."

Nikaamua arudi.

Dada yangu Pavla ana shamba juu ya Loški Potok, na nyuma ya ghala kuna mizinga yake kumi ya zamani, mitupu, haijakaliwa na nyuki tangu aanze kufuga mbuzi. Niliandika kisa cha kumi na mbili. "Mama Angela amehamishia mizinga kumi mlimani. Anataka kuhakikisha kwamba idadi iliyo kwenye skrini ni sawa na iliyopo. Afanye nini?" Nikaweka ramani, safari hii kwa makusudi. Nikamwandikia Gorazd: "Naomba ukikague wewe, kabla hatujakipeleka mbele."

Kwa adabu nikapitiliza. Mimi si mtu wa adabu nyingi, angeshtuka. Hakushtuka. Alijibu ndani ya saa moja.

"Gari linafika?"

Ludvik alicheka kicheko ambacho sikukipenda. "Mwambie hata treni."

Nilitaka nimtajie wizi, nione atajibu nini. Nikajizuia. Ukitaka kumshika panya usimpigie kelele akiwa mlangoni. Kwa hiyo kwenye mradi sikumwambia mtu yeyote kwamba tumeibiwa, hata wale wanne ninaowaamini, kwa sababu kufikia Ijumaa nilikuwa siwaamini tena. Mmoja aliniandikia, "Mbona siku hizi uko kimya?" nami nikajiuliza, anataka kujua nini huyu?

Jumamosi ilinyesha toka asubuhi. Mvua kama ile nyuki hawatoki, na ndiyo siku ya mwizi: anaziba malango, anapakia, haumwi hata na mmoja. Pavla alikuwa amewapeleka watoto wake na wangu kwenye bwawa la kuogelea mjini. Tukajibanza ghalani, mimi na Ludvik, na chupa ya chai na mkate wenye soseji. Ludvik alikuwa na uma wa kugeuzia majani makavu.

"Utamfanya nini na huo?"

"Nimeushika tu."

"Baba, una miaka sabini na sita."

"Ndiyo maana nimekuja na uma."

Saa nane na robo gari dogo la kijani lilipanda polepole, likasimama hatua kumi kutoka kwenye mizinga. Nikashika simu. Mlango ukafunguka, likatoka gongo la kutembelea. Likatoka la pili. Kisha akatoka mtu mnene wa miaka hamsini hivi, ana mguu mmoja uliokakamaa ndani ya buti zito, na shingoni amening'iniza simu ndani ya mfuko wa plastiki. Alijiweka sawa juu ya magongo, akaisogeza simu karibu na macho, akasoma kwa sauti kama mwanafunzi:

"Hatua ya tatu. Mama Angela anasimama mbele ya safu ya kwanza na kuhesabu kutoka kushoto."

Akahesabu kutoka kushoto, akinyoosha kidevu kwenye kila mzinga.

Ludvik hakungoja kumi. "Simama hapo hapo!"

"Nimesimama, mzee. Kukaa ndiko kunanishinda." Alitutazama mmoja mmoja, uma ukiwa usawa wa kifua chake. "Mama Angela?"

"Angela hayupo," nilisema.

"Nitamsubiri."

"Hayupo kabisa! Nimemtunga. Mimi ni Zdenka."

Uso wake ulifunguka. "Zdenka! Wewe ndiye Zdenka? Nilidhani wewe ni mwembamba."

"Mizinga yangu iko wapi?" Ludvik aliuliza.

"Mizinga ipi, mzee?"

"Usinichezee. Sita. Kwenye misonobari."

Gorazd alitafakari, maji yakimtiririka puani. "Ile ya Lojze?"

Tukamwingiza jikoni kwa Pavla. Kwetu mgeni akifika mlangoni hupewa ndara za ndani kabla ya kitu kingine, hata kama amekuja kusoma mita ya umeme. Ludvik alizitazama ndara za wageni pale kwenye rafu, akapita. Gorazd akaachwa na kiatu chake cha matope juu ya gazeti, kama mbwa.

"Haya, sema," nilimwambia. "Lojze umemjuaje?"

"Si wewe uliyemwandika? Wewe si ndiye uliyeweka sharti, kila hatua ifanywe kwa mikono? Mimi nikikagua kisa nakwenda. Wiki nzima niko kwenye karakana, natengeneza buti za watu wenye miguu kama huu wangu, Jumamosi ndiyo siku yangu. Kisa cha nne nilikwenda mpaka Bohinj. Ndiyo maana nauliza gari. Gari lisipofika, mimi sifiki."

"Na watu wa kubeba?"

"Nina mizinga mitatu nyumbani, mama. Kila mara namwomba jirani. Nilitaka programu yetu iulize hilo kabla mtu hajapanga safari. Nimeliandika mara nne. Unalifunga mara nne."

Ludvik akaingilia.

"Uliona nini kule msituni?"

"Nilifika Jumamosi iliyopita, mvua kama hii. Nikamkuta Lojze anapakia."

"Lojze hayupo," nilisema tena.

"Nilimkuta, nakwambia. Gari jeupe, milango ya nyuma wazi. Nikamwambia, 'Habari ya leo, wewe ndiye mzee Lojze?' Akaniangalia kidogo, akasema, 'Ndiye mimi.' Nikamwambia natoka Panjko, nimekuja kukagua kisa cha tisa. Akasema, 'Karibu, kagua.' Mtu mchangamfu. Mlango mmoja ulikuwa unapigwa na upepo, nikamshikia."

"Ulimshikia nini?" Ludvik aliuliza.

"Mlango."

"Wa gari? Akipakia mizinga yangu?"

"Kwa gongo langu. Nililiweka hapa, hivi, usijifunge." Alionyesha kwenye mlango wa jiko. Kisha nikaona ameelewa. Mkono ulibaki hewani. "Yesu wangu," alisema.

Ludvik alikuwa bado na shaka, nami sikumlaumu.

"Hadithi tamu. Mwizi mwenye mguu mbovu anakutana na mwizi mwenye gari. Tunajuaje kwamba hamkuwa pamoja?"

"Niliandika taarifa," Gorazd alisema. "Jioni ile ile. Skrini inasema mizinga kumi na minne, mahali pana minane, mwenyewe amehamisha sita bila programu kuonyesha. Nikaweka na picha, maana kila hatua inatakiwa picha. Yeye akaifunga."

Alininyooshea kidevu, kama alivyohesabu mizinga.

Kwa Pavla mtandao unapatikana dirishani tu. Nilisimama pale, nikafungua orodha ya taarifa zilizofungwa, nikahesabu saba. Ya tano: "Kisa cha 9, idadi hailingani na hali halisi." Chini yake jina langu, Jumapili, saa tano na dakika arobaini asubuhi: imefungwa. Juu yake jina lake, Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni. Tarehe zile hakuna anayeweza kuzigusa, si yeye, si mimi. Aliandika siku mbili kabla sisi hatujajua kwamba tumeibiwa, mbele ya dunia nzima, na jina lake. Mwizi haandiki hivyo.

Nikafungua picha. Ilikuja taratibu, kutoka juu kushuka chini: misonobari, uzio, mgongo wa mwanamume mwenye koti la mvua, mzinga mikononi mwake, gari jeupe. Namba ya gari ikatokea mwisho kabisa. Ilisomeka yote.

Wiki nzima taarifa hiyo ilikuwa mahali ambapo hata mtoto wa Brazil angeweza kuisoma. Mimi nilikuwa nimeketi nayo, naandika mtego.

"Baba," nilisema, "njoo uone."

Aliitazama picha kwa muda mrefu. Mtu yule hakumjua. Kisha akaenda kwenye rafu, akachukua ndara za wageni, akaziacha sakafuni na kuzisukuma kwa ncha ya mguu mpaka kwa Gorazd.

"Vaa. Utaugua."

"Naweza kuvaa moja tu, mzee."

"Vaa hiyo moja."

Nikampigia polisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza picha ile nimeipata lini.

"Nilikuwa nayo tangu Jumamosi iliyopita," nilisema. Nisingeweza kusema vinginevyo. Tarehe ilikuwa pale.

"Tangu Jumamosi iliyopita."

"Ndiyo. Sikuisoma."

Aliniomba nimsomee namba ya gari.

Jioni ile niliifungua tena taarifa ya Gorazd, nikaandika chini yake, kwa jina langu: "Nilifunga bila kusoma. Kilichoandikwa humu ni kweli, na kingetuokolea wiki nzima." Wale wanne wakauliza kuna nini. Niliwaambia yote. Mmoja akajibu, "Kwa hiyo ulitushuku na sisi?" Nikaandika ndiyo.

Polisi waliipata mizinga Jumanne, nyuma ya karakana ya matairi karibu na mpaka wa Kroatia, imefunikwa turubai. Tulikwenda na Ludvik, tukiwa na barakoa mbili za nyuki na chombo cha moshi. Gorazd alikuja na gari lake la kijani. Picha yake ndiyo iliyokuwa ushahidi, polisi alimtaka aonyeshe mzinga upi ni upi. Ludvik hakumpa mkono. Alimwambia asimame upande ambao upepo hautampelekea nyuki, basi.

Mizinga miwili ilikuwa imezibwa kupita kiasi. Nyuki walikuwa rundo chini, wamelowa, wamekosa hewa. "Hawa wamefariki," Ludvik alisema. Kwetu ng'ombe hufa na mbwa hufa. Nyuki hufariki, kama watu. Wa tatu ulikuwa umewekewa malkia mgeni, asiye na alama yoyote. Wa nne vile vile. Ludvik aliufunga, akafuta mikono kwenye suruali, na mimi nikasogea pembeni kwa sababu sikutaka nione uso wake akifungua wa tano.

Wa tano haukuwa na malkia kabisa.

Alichukua muda kwenye wa sita. Alivuta fremu ya kwanza ya sega, akaitazama pande zote mbili, akairudisha. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne aliivua barakoa, jambo ambalo amenikataza mimi miaka yote.

"Zdenka. Macho yangu hayaoni vizuri. Njoo."

Nilikwenda. Katikati ya sega, wenzake wakimzunguka, alikuwa anatembea polepole malkia mwenye nukta ya buluu mgongoni. Aliingiza kichwa kwenye tundu, akageuka, akateremsha tumbo.

"Ndiye?" aliuliza Gorazd kutoka mbali.

Ludvik alikuwa ameishika fremu kwa mikono miwili, haitikisiki kabisa.

"Anataga," alisema, akairudisha ndani taratibu, akafunika.